Tugawe Hisa, Tusivunje Nyumba



Hivi karibuni tuliitwa katika kikao cha familia moja ya Unguja, ambayo kwa kuwasitiri hatutaitaja jina. Mzee wao alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, akaacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mali aliyoiacha ni mambo mawili: nyumba ya ghorofa mbili ndani ya Mji Mkongwe, na shamba la eka tatu nje kidogo ya mji. Kwa miaka yote sita mirathi haikugawanywa. Mtoto mkubwa anataka shamba likatwe viwanja. Mdogo wake anataka kuvunja ukuta wa chini wa nyumba ili afungue duka. Mabinti hawakuulizwa. Kila aliyekwenda kuomba ruhusa aliambiwa kwamba shamba lina sheria zake na nyumba ya kale ina sheria zake. Wakarudi nyumbani wakisema kwamba wanazuiwa urithi ambao Mwenyezi Mungu amewapa.

Maneno hayo ni mazito, na tunayasikia katika nyumba nyingi. Ndiyo maana leo tumeona tuyajadili kwa utulivu: je, ni kweli kwamba sheria za mipango ya ardhi na hifadhi ya majengo zinagongana na sheria ya mirathi?

Tuanze na hesabu. Katika familia hii, baada ya deni na wosia kutolewa, mama ana thumuni, yaani moja ya nane. Saba zilizobaki ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Kwa hiyo mali inakuwa na mafungu manane: mama moja, kila binti moja, na kila mtoto wa kiume mawili. Hesabu imekaa sawa, haina mabaki. Lakini fungu moja la eka tatu halifiki hata nusu eka. Akifariki mmoja wa mabinti na kipande chake kikagawanywa tena kwa mumewe na wanawe, wajukuu watarithi mahali pa kuegesha gari, wala si shamba. Na nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi moja itakatwaje mafungu manane?

Hapa ndipo penye kosa letu. Surat An-Nisaa imeweka wazi hisa za warithi, lakini haikutuamuru tuchukue shoka tukate kila kitu vipande. Mafakihi walilijua jambo hili zamani. Katika milango ya kugawana mali ya ushirika wametenganisha kile kinachogawanyika bila madhara na kile ambacho kikikatwa huharibika manufaa yake. Kwa kitu cha namna ya pili wametaja njia kadhaa. Warithi wanaweza kukiuza na kugawana thamani. Mmoja anaweza kuwalipa wenzake hisa zao kwa ridhaa, akabaki nacho yeye. Wanaweza kubaki washirika na kugawana manufaa: kodi, mavuno, au zamu za kutumia. Tena mshirika ana haki ya kutangulizwa kununua hisa ya mwenzake kabla haijaangukia mkononi mwa mgeni. Kwa hiyo anayetuambia "tusikate shamba hili" hajatunyima urithi. Anayenyima urithi ni yule anayekalia mali miaka sita bila kumpa mama thumuni yake.

Tuitazame ardhi yenyewe. Katika Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi iliwekwa mikononi mwa dola, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu ili zilime. Sheria ya ardhi ya 1992 iliendeleza msingi huo: raia ana haki ya matumizi, na haki hiyo ina masharti. Miti, kwa desturi na kwa sheria, inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi iliyosimama juu yake. Wazee wetu waliweza kurithishana minazi na mikarafuu bila ya kuchimba mpaka hata mmoja. Mavuno hugawika kwa mafungu manane bila ya mtu kugusa udongo.

Udongo huo nao ni haba. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni maweni, na ardhi yenye kina imelala zaidi upande wa magharibi na kati, huko huko ambako mji unapanuka. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Ile ya 2022 iliwahesabu 1,889,773. Watu hao wanahitaji pa kulala, hilo hatulikatai. Lakini wanahitaji pia muhogo, ndizi, na ardhi ya kunyonya maji ya mvua ili visima visikauke. Shamba likishamwagiwa zege halirudi kuwa shamba.

Tuje kwenye nyumba. Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu 1985 kuna mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza. Wengi hudhani kazi ya masharti yake ni kupendezesha macho ya watalii. La. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na kila ukuta umebeba mwenzake. Ukuta anaotaka kuuvunja yule kijana ndio unaobeba dari ya chumba anacholala mama yake. Saruji nayo, ambayo sote tunaipenda kwa ugumu wake, huzuia ukuta wa chokaa usipumue; unyevu hubaki ndani na kuoza taratibu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na roho za watu zikapotea. Ikiwa jumba kubwa namna ile limeanguka, nyumba zetu zitapona vipi kwa nyundo ya fundi asiyeulizwa?

Kutenga ardhi kwa maslahi ya wote si jambo lililoletwa na wageni. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqii iwe malisho ya farasi wa Waislamu, na akauwekea mji wa Madina mipaka ambayo ndani yake miti haikatwi. Mafakihi wakaweka eneo la kukilinda kila kisima, asichimbe jirani karibu akakikausha. Sayyidna Umar naye alitenga malisho, akamwekea mlinzi. Lakini alimwagiza mlinzi huyo amruhusu kuingia mwenye wanyama wachache, na ajihadhari na makundi ya matajiri, hata akawataja Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan, kwani hao wanyama wao wakifa wana mashamba ya kurejea.

Wasia huo tunauelekeza kwa wenye madaraka. Sheria ya hifadhi inapoteza heshima yake pale mjane anapokataliwa kubadilisha dirisha, na ng'ambo ya pili ya barabara mwenye mtaji anaongeza ghorofa. Inapoteza heshima pale mkulima mwenye eka tatu anapozuiwa kujenga chumba cha mwanawe, na shamba la jirani likageuka viwanja usiku mmoja. Chokaa na boriti zina gharama, na fundi anayezijua kazi hizo hapatikani kila mtaa. Anayemtaka maskini ahifadhi urithi wa dunia nzima ana wajibu wa kumsaidia kuubeba mzigo huo. Kibali nacho kijibiwe kwa wakati, kwa ndiyo au kwa hapana, kwa sababu mvua haisubiri faili.

Na kwetu sisi familia, yako mambo manne yaliyo mikononi mwetu. Kwanza, mirathi igawanywe mapema, mbele ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kila mrithi, mwanamke kwa mwanamume, aandikiwe hisa yake. Pili, kabla ya kumwita dalali au fundi, tuulize kwanza kwa sheha na katika ofisi ya mipango miji shamba limepangiwa nini, na kwa nyumba ya Mji Mkongwe tuulize katika mamlaka yake. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuvunja baadaye. Tatu, tuhakikishe nyumba si wakfu, kwa kuwa nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na wakfu haurithiwi wala hauuzwi kama mali binafsi. Nne, mzee aliye hai akae na wanawe leo, awaonyeshe waraka na mipaka, na aseme mbele ya wote kilicho chake na kisicho chake.

Turudi kwenye kile kikao. Vijana walibishana mpaka adhana ya Alasiri ikakaribia. Mama alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza swali moja tu: "Wanangu, masika yanakuja. Nani atapanda kuziba bati?" Hakuna aliyejibu. Ndipo ilipobainika kwamba kwa miaka sita waligombania ukuta na viwanja, na paa likivuja juu ya kitanda chake, na maji yakishuka ndani ya boriti.

Waliondoka wamekubaliana mambo mawili: nazi za msimu huu ziuzwe, fedha zitengeneze paa, na wiki inayofuata wote saba waende kwa Kadhi. Lile duka halikuamuliwa, na shamba halikuamuliwa. Hata hivyo mama alisema amepumua, maana kwa mara ya kwanza mabinti zake waliulizwa wanataka nini.

Wote saba tumewahesabu pamoja na deni la marehemu, kwa maana deni nalo huketi kikaoni na hulipwa kabla ya mrithi yeyote. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kurithi kwa haki na kurithisha kilicho kizima. Wabillahi tawfiq.