Msimlaumu Codd kwa makosa ya MySQL

Wanatarakilishi wetu wana wimbo mmoja: eti hifadhidata za majedwali zimepitwa na wakati, nadharia yake imeshindwa, tuhamie kwingine. Nadharia ipi hiyo? Mliijaribu lini?

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule Marekani, alichapisha wazo lake: data ishikwe kama seti. Ndani ya seti kitu hakirudiwi. SQL ilikuja baadaye, nayo ikaruhusu mistari miwili inayofanana kabisa kukaa katika jedwali moja. Mnachopakua ninyi ni SQL, si Codd.

Msidhani huu ni ubishi wa wasomi tu. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini Kenya. Vituo vingi vya afya huku hutunza rekodi kwa KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, na chini kabisa ipo MySQL. Sisemi programu hiyo ina kasoro ninayoieleza. Nasema hapa hesabu ikikosewa, mtu anaumia.

Hebu tubuni jedwali dogo la wagonjwa 100, lenye safu ya wingi wa virusi kwenye damu. Wagonjwa 10 wamezidi 1000, 70 hawajazidi, na 20 hawajapimwa, kwa hiyo wamewekewa NULL. Iulize SQL: nani wamezidi 1000? Inakupa 10. Nani hawajazidi? Mwenye akili timamu anangoja 90. Anapewa 70! Wale 20 hawamo huku wala kule, na ndio hasa wa kutafutwa nyumbani kwao. Hakuna onyo lolote.

(Kweli, Codd mwenyewe baadaye alizikubali alama za namna hii. Chris Date alimpinga kwa miaka mingi, nami niko na Date.)

Dawa ni nyepesi. Vipimo viwe na jedwali lao. Asiyepimwa hana mstari humo. Kisha uliza nani yumo kwa wagonjwa na hayumo kwa vipimo. Wale 20 wanajitokeza.

Halafu kuna ufunguo. Akinyi, yaani aliyezaliwa asubuhi, wako wengi mno huku. Mmoja anaandikishwa Rongo, anahamia Homa Bay mjini, anaandikishwa tena. Sasa ni 871 na pia ni 4512. "Lakini ufunguo upo!" Ufunguo wa nini? Namba ambayo mashine imejigawia inatambulisha mstari, haimtambulishi Akinyi. Nadharia inakutaka useme ni nini kinachomtofautisha na wenzake. Wewe ulilikwepa swali hilo.

Na bidhaa zenyewe je? Hadi MySQL 5.5 ya mwaka 2010, injini yake ya kawaida ilikuwa MyISAM, isiyolinda funguo za kigeni. Sharti la CHECK lilianza kufanya kazi toleo la 8.0.16, mwaka 2019. Kabla ya hapo ungeandika umri usizidi 120, ingeitikia "sawa bwana", kisha ipokee 900 bila kupepesa macho. PostgreSQL, ya bure vilevile, ilikuwa ikikataa uchafu huo miaka mingi kabla.

Anayebisha alete jedwali lake, tuhesabu NULL zilizomo.