Barua ya wazi kwa NIMR: Yapimeni mafuta ya samaki yanayopakwa vidondani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu dawa ninayoizungumzia inauzwa hadharani, na hakuna anayeweza kumwambia mnunuzi kama inaponya au inadhuru.

Katika soko moja la samaki hapa pwani nilimkuta mama akinunua mafuta ya ini la papa. Yalikuwa kwenye chupa ya soda iliyokwisha kutumika, imezibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki; mafuta ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu inayong'ang'ania mkononi hata ukinawa kwa sabuni. Mgonjwa ni mumewe. Ana kisukari, na kisigino chake kina kidonda kisichofunga. Muuzaji alimpa maelekezo kama mfamasia: osha kwa maji ya chumvi, paka kwa unyoya wa kuku, acha wazi kipate hewa. Nilimuuliza mama kama wamefika hospitali. Akasema wanakwenda kliniki kila tarehe yao ikifika, ila mafuta haya wanaongezea.

Ndugu Mkurugenzi, huyo mama hajakaidi hospitali. Anachokosa ni mtu wa kumjibu.

Wamalaysia walikuwa na swali kama lake. Kwao, mzazi au mtu aliyetoka kupasuliwa hulishwa haruan, samaki wa maji baridi ambaye wanasayansi humwita Channa striata, ili kidonda kifunge upesi. Watafiti wao hawakuidharau imani hiyo, wala hawakuikubali hivihivi. Mwaka 1994 walichapisha uchambuzi wa mafuta na asidi amino zilizomo katika samaki huyo. Mwaka 2000 wakatoa matokeo ya krimu yenye dondoo ya haruan waliyoipaka kwenye vidonda vya panya, wakapima ni nguvu kiasi gani inahitajika kuipasua upya ngozi iliyokwisha kuungana. Mwaka 2015 yakachapishwa majibu ya wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Kundi moja lilimeza miligramu 500 za dondoo hiyo kila siku kwa wiki sita, jingine likapewa vidonge visivyo na dawa.

Maumivu hayakutofautiana. Kovu, hata hivyo, lilikuwa zuri zaidi kwa waliomeza dondoo, na wenyewe waliridhika nalo zaidi. Kwa hiyo leo daktari wa Malaysia anaweza kumwambia mzazi: usitegemee samaki huyu akutulize maumivu, lakini kwa kovu lako huenda akakufaa. Sisi kwa mafuta yetu hatuna hata sentensi moja ya namna hiyo.

Huko Fortaleza, Brazil, madaktari wanafunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, samaki wa Afrika aliyepelekwa nchini humo mwaka 1971 kutoka Ivory Coast. Ngozi hiyo haitoki sokoni ikaenda moja kwa moja kwa mgonjwa: huparwa magamba, husafishwa kwa dawa, huhifadhiwa katika gliseroli na kupigwa mionzi ili kuua vijidudu. Sato tunaye Ziwa Victoria.

Uwezo mnao. Mna kituo cha utafiti wa tiba asili pale Mabibo. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Mwaka 2020 mlipotoa NIMRCAF, mchanganyiko wa mitishamba kwa ajili ya UVIKO-19, tuliona mnavyoweza kwenda haraka mkiamua. Mimea imepata watafiti wake. Samaki nao wapate wao.

Kazi ianzie sokoni, kwa wavuvi na wauzaji, kwa sababu hata hatujui kama kila chupa inayoitwa ya papa ina mafuta ya papa. Kisha yapimwe vijidudu na zebaki. Papa hula samaki wengine na zebaki hujikusanya mwilini mwake, na mafuta machafu juu ya kidonda cha mwenye kisukari yanaweza kumgharimu mguu. Yakivuka hapo, yapelekwe kwenye chembe hai za ngozi zilizooteshwa katika sahani ya maabara: zinachorwa mstari kwa ncha ya pipeti, halafu zinapigwa picha kila baada ya saa kadhaa kuona pengo linajifunga kwa kasi gani. Binadamu aje mwisho, kwa ridhaa yake na chini ya daktari wake.

Kuna watakaosema kupima ni kuyapa mafuta haya heshima yasiyoistahili. Sikubaliani nao. Heshima wamekwisha kuyapa wanunuzi. Maabara itatuambia kama yanaistahili. Wasiwasi wangu ni mwingine: papa huchelewa kukomaa na huzaa wachache, na tayari wanavuliwa mno. Mafuta yakionekana kufaa, tafuteni kilichomo ndani yake na kama kinapatikana kwa samaki wa kufugwa, kabla habari haijageuka kuwa soko jipya la mapezi na maini.

Naomba uagize upimaji huu uanze, na majibu yake yabandikwe kwenye masoko ya samaki na kliniki za kisukari, kwa Kiswahili chepesi. Yabandikwe hata kama jibu ni kwamba mafuta hayafai kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Tanga