Sahani ya Mtoto Isipimwe kwa Ghala la Mzazi

Miongoni mwa imani zilizojikita katika mjadala wa elimu nchini Tanzania ni ile isemayo kwamba chakula cha mwanafunzi ni jukumu la mzazi peke yake, na kwamba mzazi asiyepeleka mahindi na maharage shuleni ni mvivu anayesubiri kubebwa. Imani hii husikika katika mikutano ya vijiji, katika vikao vya kamati za shule na hata katika hotuba za viongozi, nayo imepata nguvu ya maandishi, kwa kuwa nyaraka za elimu bila malipo, yaani utaratibu ulioanza Januari 2016 wa kufuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, zilimwachia mzazi wa mwanafunzi wa kutwa mzigo wa sare, madaftari na chakula. Uganda nayo iliweka jukumu la chakula juu ya mzazi katika Sheria ya Elimu ya mwaka 2008. Pamoja na kukubalika huko, imani hiyo ni potofu, na upotofu wake huonekana waziwazi katika kata kama Machochwe, wilayani Serengeti, mkoani Mara.

Wakazi wa Machochwe, ambao wengi wao ni Wakurya, hulima mahindi, muhogo, mtama na ulezi, hufuga ng'ombe, na mashamba yao yamepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mahindi yanapokaribia kukomaa tembo huvuka mpaka usiku, na familia hukesha shambani zikimulika tochi na kugonga madebe. Kundi likishinda ulinzi huo, kazi ya msimu mzima huisha kabla ya alfajiri. Serikali hutoa kifuta jasho, ambacho kwa kanuni za mwaka 2011 ni malipo ya kumpa pole aliyeharibiwa mazao, wala si fidia inayolingana na thamani ya kilichopotea. Mkulima huyohuyo hudaiwa debe la mahindi la shule sawasawa na jirani yake ambaye tembo hawakufika kwake. Kumwita mvivu mtu aliyelima, akapalilia, akakesha, na mwishowe akaambulia mabua, ni dhuluma, na viongozi wanaolitamka neno hilo jukwaani wanapaswa kuona haya.

Hata pale ambapo tembo hawakupita, hesabu yenyewe ni nzito kuliko inavyosemwa. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja akipikiwa gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kila siku, kiasi ambacho hakina anasa yoyote, atahitaji zaidi ya kilo 23 za mahindi na karibu kilo sita za maharage kwa mwaka, kabla ya kuhesabu chumvi, mafuta, kuni, maji na posho ya mpishi. Familia yenye watoto wanne shuleni itatoa karibu gunia zima la kilo 100 za mahindi, wakati yenye mtoto mmoja itatoa robo yake, ingawa huenda ndiyo yenye ng'ombe wengi zaidi. Kodi inayomtoza zaidi mwenye watoto wengi na mazao machache isingepita katika bunge lolote, lakini kwa kuwa imepewa jina la mchango, hupita kila mwaka bila kupingwa.

Tena serikali yenyewe haiiamini kanuni hii inapowashughulikia wanafunzi wengine. Chini ya mpango huohuo wa elimu bila malipo, hazina ililipia chakula cha wanafunzi wa bweni wa shule za sekondari za umma kwa Sh1,500 kwa siku kwa kila mmoja, na hakuna aliyesimama kusema kwamba wazazi wao wamefanywa wavivu. Ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha zinazotengwa kwa ajili ya mahitaji ya shule kama vitabu, mitihani na ukarabati, ilipangwa kuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, kiasi kisichofikia gharama ya siku saba za mlo wa mwanafunzi wa bweni. Mtoto wa darasa la pili anayetembea kwa miguu asubuhi na kurudi jioni ana tumbo lilelile, na umri wake mdogo humfanya adhurike zaidi na njaa.

Matokeo ya imani hii huonekana jikoni. Makande, mchanganyiko wa mahindi na maharage ambao ndio mlo wa kawaida wa shule nyingi, huchukua saa nyingi kuiva juu ya mafiga matatu, kwa hiyo mapishi huanza mapema kwa kuni na maji ambavyo mara nyingi wanafunzi wenyewe wamevibeba kutoka nyumbani, katika eneo ambalo kuokota kuni ndani ya hifadhi ni kosa. Saa ya kula ikifika, shule inayotegemea michango hujikuta na orodha mbili: ya waliochangiwa na ya wasiochangiwa. Walio katika orodha ya pili hubaki chini ya mti wakinusa chakula cha wenzao, na pengine ni wao waliobeba maji yaliyokipika. Hakuna mwalimu anayefurahia kazi hiyo, lakini utaratibu umemlazimisha kuwa mtoza ushuru wa watoto.

Watetezi wa imani hii hukimbilia Elimu ya Kujitegemea, falsafa aliyoitoa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo, mwaka 1967. Ni kweli kwamba falsafa hiyo ilizitaka shule ziwe na mashamba na zichangie kujilisha, lakini ilizungumzia jamii inayobeba mzigo kwa pamoja, haikumtaka kila mzazi abebe wa kwake na atakayeanguka aachwe. Isitoshe, shamba la shule lililo kando ya hifadhi litaliwa na tembo walewale.

Hoja yao nyingine, hofu ya utegemezi, ina msingi zaidi, na inastahili kujibiwa kwa uzito. Katika baadhi ya wilaya za Mara, shirika la Project Concern International liliendesha kwa miaka mingi mpango wa chakula shuleni kwa fedha za Wizara ya Kilimo ya Marekani, na sehemu ya chakula hicho ilisafirishwa kwa meli kutoka huko. Mlo unaotegemea bajeti ya nchi nyingine hukatika siku nchi hiyo inapobadili mawazo. Lakini dawa ya kumtegemea mfadhili ni bajeti ya umma, na kumrudishia mzigo mkulima aliyevuna mabua hakumfanyi yeyote ajitegemee. India ilifika hapo mwaka 2001, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoziagiza serikali za majimbo ziwape watoto wa shule za msingi chakula kilichopikwa. Na Brazili, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zinunulie mazao ya wakulima wadogo. Kwa utaratibu wa namna hiyo, mkulima wa Machochwe aliyesalimika na tembo angekuwa muuzaji wa shule badala ya mdaiwa wake.

Chakula pekee hakifundishi, na wanaokitetea hawana sababu ya kulificha hilo. Utafiti wa Vermeersch na Kremer katika shule za awali za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba uji wa asubuhi uliongeza mahudhurio kwa takriban asilimia 30, ila alama zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa na mafunzo mazuri. Maana yake ni kwamba mlo na mwalimu vinahitajiana, na hakuna anayependekeza mshahara wa mwalimu uchangwe kwa madebe.

Madiwani wa Serengeti na wabunge wa Mara wanaweza kuanzia karibu. Hifadhi ya Serengeti huiingizia nchi fedha nyingi za utalii, na mpango wa Ujirani Mwema wa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, ambao hugharimia miradi ya vijiji vinavyopakana na hifadhi, umekwisha kujenga madarasa. Sufuria ya shule nayo ni mradi wa kijiji. Bajeti ijayo itenge kifungu cha mahindi, maharage na posho ya wapishi kwa shule za msingi zilizo mpakani mwa hifadhi, na kabla kifungu hicho hakijapita, orodha ya wasiochangiwa ifutwe katika kila shule, leo.