Sheria ya Saa Sita Usiku

Novemba 2011, Korea Kusini iliwafungia watoto wa chini ya miaka 16 michezo ya kompyuta ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kilichotafutwa ni usingizi. Mwanafunzi aliyekesha na mchezo wa StarCraft hufika darasani akisinzia, na hesabu za kipindi cha kwanza humpita hivi hivi.

Watoto wakaingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao. Wengine wakahamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzigusa. Januari 2022 sheria hiyo ikafutwa.

Dar es Salaam na Mombasa nako, vibanda vya PlayStation havikosi mwanafunzi mwenye sare saa za masomo. Kuvifunga tu hakutoshi. Siku hizi simu yenyewe ni kibanda. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo hii kuwa ugonjwa, ila pale mchezaji anaposhindwa kujizuia na maisha yake kuyumba, kwa kawaida kwa miezi 12. Wengi hawajafika huko. Wanachohitaji ni mzazi anayekusanya simu saa tatu usiku, yake ikiwemo, na kuomba kuona daftari.