Nyimbo za wateja si mali ya bure



Natoa maoni yangu juu ya mtindo unaozidi kuenea wa makampuni kuwahimiza wateja watunge nyimbo, wapige picha na kueneza sifa za bidhaa wanazonunua.

Mimi ni mkazi wa Buzwagi, wilayani Kahama. Mgodi wa dhahabu wa hapa ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukomesha mwaka 2021. Eneo lake limetengwa kuwa eneo maalum la kiuchumi ili viwanda vijengwe. Viwanda vitahitaji wanunuzi, na mnunuzi humsadiki jirani yake kuliko bango la barabarani. Mchele wa Kahama umepata jina mpaka Dar es Salaam kwa sababu walaji wenyewe wanausifu. Kwa hiyo sipingi hata kidogo wateja kushirikishwa.

Ninalolipinga ni kuwageuza wateja vibarua wasio na ujira. Kampuni moja ya mafuta ya kupikia iliwaita vijana washindane kutunga nyimbo. Mpwa wangu na wenzake watatu wakatunga wimbo mzuri, wakapewa fulana moja moja. Baadaye wimbo huo ukawa unapigwa na gari la matangazo sokoni na minadani, bila wao kuulizwa wala majina yao kutajwa. Walipofuatilia waliambiwa kwamba kila kilichopelekwa kwenye mashindano ni mali ya kampuni. Je, hayo waliambiwa lini, na katika karatasi gani?

Sisi Wasukuma tunajua heshima ya mtunzi. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, watu hutaka kujua manju ni nani, na aliyefurahi humtunza. Mcheza kwao hutunzwa. Iweje mwenye kiwanda auze kwa wimbo wa kijana, kisha amwache mikono mitupu?

Wapo wenye viwanda wanaotenda haki. Mwaka 2008 kampuni ya Walkers ya Uingereza iliwaalika walaji wabuni ladha mpya ya vipande vya viazi vya kukaanga. Mshindi aliahidiwa paundi 50,000 na asilimia 1 ya mauzo ya baadaye. Kampuni ya LEGO ya Denmark, inayotengeneza vifaa vya watoto vya kuchezea, nayo humpa mteja asilimia 1 ya mauzo kama ubunifu wake umechaguliwa kutengenezwa kiwandani. Makampuni hayo hayakufilisika kwa kufanya hivyo.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, hata kama hajaiandikisha kazi yake popote, na inampa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi. Tatizo ni kwamba vijana wengi hawaijui.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kampuni inayoita mashindano itoe masharti kwa maandishi, kwa Kiswahili chepesi, kabla mtu hajapeleka kazi yake. Pili, jina la mtunzi litajwe, na malipo yakubaliwe kabla kazi haijatumika kutangaza biashara. Tatu, Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) na maofisa utamaduni wa wilaya wawafuate vijana huku tuliko na kuwaelimisha.

Nasi wateja tuwe wakweli. Tusisifu tusichokitumia, na anayelipwa kusifu aseme kwamba amelipwa. Jirani akigundua kuwa tumemdanganya kwa ajili ya fulana, hatatusadiki tena, na kiwanda nacho kitakuwa kimepoteza.

Kiwanda cha mafuta humlipa mkulima kwa mbegu zake za pamba. Kimlipe na mtunzi kwa wimbo wake, maana wote wawili wametoa jasho.

Mnunuzi,
Buzwagi, Kahama.