Ordinatere haikatai mtu: vijana wafundishwe programu kweli, wasiuziwe breve



Kuna neno ambalo wahami wanalijua vizuri siku za kugawa chakula: "Ordinatere imekataa." Mama amesimama kwenye foleni tangu alfajiri, mtoto mgongoni, jetoni mkononi. Akifika mezani, kijana anaangalia kioo cha tableti, anatikisa kichwa na kusema kwamba jina halipo, ama hesabu ya watoto hailingani. Mama anauliza sababu. Anajibiwa kwamba ordinatere imekataa. Anarudi kwenye hema mikono mitupu, na hakuna mtu aliyekosea. Ni mashine.

Mimi nasema huo ni uongo. Ordinatere haimkatai mtu. Inafanya yale iliyoamriwa kufanya, na aliyeiamuru ni mtu mwenye jina na simu. Kwa hiyo nasema pia kwamba kuwafundisha vijana wetu misingi ya kuandika programu siyo anasa ya watu wa Kinshasa. Ni jambo linalotuhusu hapa kambini. Na wale wanaouza mafunzo ya uongo wanatuibia mara mbili: pesa na akili.

Nina sababu ya kusema hivyo. Miaka iliyopita nililipa dola 25 kwa formasio ya wiki mbili. Tulikuwa watu thelathini na ordinatere ilikuwa moja, ya mwalimu. Kila siku aliandika ubaoni maana ya class, ya objet, ya héritage, ya polymorphisme. Sisi tulinakili. Aliyeuliza swali aliambiwa asubiri somo la kesho. Siku ya mwisho tulipigwa picha, tukapewa breve yenye muhuri mzuri. Breve hiyo ningali nayo. Lakini katika wiki zile mbili sikuandika hata mstari mmoja uliotembea kwenye mashine. Ni kama kumfundisha mtu kuendesha moto kwa kumsomesha majina ya vyuma, halafu unampa leseni.

Jambo lenyewe si gumu hivyo. Kila mhami ameona fishi ya kuandikisha familia: karatasi tupu yenye nafasi ya jina la mkubwa wa nyumba, kijiji alichotoka, idadi ya watu. Ile fishi tupu ndiyo class. Haina mtu ndani yake. Ni umbo tu. Fishi iliyokwisha kujazwa, tuseme ya Mama Furaha aliyetoka Djugu na watu 6, hiyo ndiyo objet. Fishi tupu ni moja, familia zilizojazwa zinaweza kuwa elfu moja.

Tofauti na karatasi ni kwamba fishi ya ordinatere inapewa pia kazi inazoweza kufanya. Mwandishi wa programu anaweza kuipa kazi ya kuongeza mtoto, ama ya kuhamisha familia kutoka kambi moja kwenda nyingine. Ukiandika mama_furaha.ongeza_mtoto(), watu 6 wanakuwa 7. Ni hivyo tu. Mwandishi mzuri hataki kila mtu aguse hesabu anavyopenda; anataka mabadiliko yapitie mlango mmoja unaojulikana. Wale walimu wa ubaoni wanaita hiyo encapsulation, na wanafunzi wanaogopa.

Héritage nayo? Wahami wengi hawakai kambini, wanakaa kwa wenyeji waliowapokea. Familia ya namna hiyo ina yote ambayo familia nyingine inayo: jina, kijiji, idadi. Inaongezewa kitu kimoja, jina la mwenyeji. Basi huandiki fishi mpya yote. Unasema hii ni Familia, na juu yake ongeza mwenyeji. Polymorphisme ni kusema "hesabu chakula" kwa familia zote, na kila aina ya familia ikahesabu kwa kanuni yake. Mama yangu hakumaliza masomo ya msingi. Nilimweleza haya jikoni, akaelewa kabla sombe haijaiva.

Sasa turudi kwenye foleni. Kama aliyeandika programu hakuweka kazi ya kuongeza mtoto, ama aliiweka lakini mwenye tableti hakuruhusiwa kuitumia, mtoto aliyezaliwa kambini hatahesabiwa. Ordinatere haikumkataa mtoto huyo. Mtu alisahau kwamba wanawake wanazaa hata wakati wa vita. Kosa la namna hiyo linasahihishwa, lakini sharti awepo mtu wa kuuliza vizuri. Kamati ya wahami ikiwa na msichana mmoja anayejua misingi hii, hatalia mezani. Atauliza: kanuni ya kuhesabu ni ipi? Nani aliiandika? Nani ana ruhusa ya kuongeza mtoto, na lini? Sisemi kwamba siku hiyo hiyo atapewa orodha aifungue. Nasema hawataweza tena kumfukuza kwa neno "ordinatere".

Na msifikiri fundi hii ilianzia mbali na mambo yetu. Miaka ya 1960, mjini Oslo, nchi ya Norwe, wataalamu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitengeneza lugha iitwayo Simula. Walitaka ordinatere iweze kuigiza kazi za kweli, kama vile wateja wanaopanga foleni na kuhudumiwa. Kutoka humo, mwaka 1967, yakatoka mawazo ya class na objet ambayo Java ya mwaka 1995 na lugha nyingine nyingi zinatumia mpaka leo. Maana yake, jambo hili limezaliwa kwenye foleni. Nani anajua foleni kuliko mhami?

Najua watanijibu.

Wa kwanza watasema: watu wana njaa, wewe unaleta mambo ya programu. Ni kweli wana njaa. Lakini orodha ya anayekula na asiyekula imo ndani ya programu. Kuwaambia wenye njaa wasijifunze kitu kinachopanga chakula chao ni kuwataka wabaki kwenye foleni milele.

Wa pili watasema: Kiswahili hakiwezi, wajue kwanza Kifaransa na Kiingereza. Hapana. Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991 na ambayo ni ya bure, ina maneno yake ya lazima kama class, def, if na for, na hayafiki 40. Mtoto anayekariri nyimbo za Kinshasa bila kujua Lingala hashindwi na maneno 40. Majina mengine yote unayatunga mwenyewe: Familia, kijiji, ongeza_mtoto. Ordinatere haijali ni Kiswahili ama Kilendu ama Kihema. Wanaojali ni walimu wanaotaka kuonekana wakubwa.

Wa tatu watasema: hatuna ordinatere. Lakini simu za Android tunazo, na kwenye vibanda vya sola wanazichaji kila siku. Iko programu inayoitwa Pydroid 3, inaendesha Python ndani ya simu, na baada ya kuipakua haiombi tena mega ili ufanye mazoezi ya misingi. Kioo ni kidogo, vidole vinachoka, nakubali. Lakini vijana wanne wakizunguka simu moja wanajifunza kuliko thelathini wanaotazama ubao.

Kwa hiyo, wenye vituo vya formasio na mashirika yanayolipia mafunzo kwa ajili ya wahami, tunawaomba yafuatayo. Kila mwanafunzi aguse mashine kila siku. Siku ya kwanza isiishe kabla hajaandika kitu kikatembea. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili, hata kama maneno ya mashine yanabaki yalivyo. Saa za masomo zisigongane na saa za kuchota maji, maana mkifanya hivyo wasichana mmewafunga nje bila kusema. Na breve isitolewe mpaka mwanafunzi aonyeshe mbele ya wazazi programu yake mwenyewe ikifanya kazi, hata kama ni orodha ya familia tano tu.

Nanyi vijana, tusidanganyane. Misingi hii haileti mshahara baada ya mwezi mmoja. Anayewaahidi hivyo anataka dola zenu. Lakini kabla ya kulipa, ingia darasani, hesabu mashine, kisha muulize mwalimu: "Leo nitaandika nini mimi mwenyewe?" Akikujibu kwamba leo ni kunakili tu, rudi nyumbani na pesa zako.

Na wewe mama uliye kambini, siku nyingine wakikuambia ordinatere imekataa, usiondoke haraka. Uliza jina la mtu.