Mgonjwa Mahututi Si Mzigo wa Lori

Nimefunza hisabati miaka mingi, lakini hesabu iliyonitoa machozi niliifanya usiku ndani ya gari la wagonjwa, nikimsindikiza shemeji yangu aliyekuwa akipumua kwa mashine. Hospitali iliyompa rufaa sitaitaja. Hatukuwa tumefika nusu ya safari mtungi wa oksijeni ulipoisha. Muuguzi, kijana aliyekuwa peke yake huko nyuma, akawa anamkamulia hewa kwa mfuko wa mkono hadi vidole vikamfa ganzi. Shemeji alifika hai; hiyo ilikuwa bahati, si mpango.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Mtungi wenye lita 680, mgonjwa akitumia lita 10 kila dakika, huisha baada ya dakika 68. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, yaani muda wa saa nne na nusu hivi, endapo njia ni nyeupe. Safari hiyo yataka mitungi minne, na wajuzi wa kazi hii hushauri ibebwe maradufu, kwa kuwa pancha na msongamano wa magari havipigi hodi. Nasi je, nani alitufanyia hesabu? Iliyohesabiwa ni petroli.

Mnamo Oktoba 2015 majeruhi mmoja alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa zipatazo 18, akizungushwa jijini Nairobi kwa kukosa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Haya yalitendeka ilhali Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43(2), yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura!

Watakuwepo watakaosema kwamba vitanda ni haba, nami sibishani nao. Hata hivyo, kumpigia simu daktari wa huko aendako mgonjwa kabla hajaondolewa kitandani, kulituliza kwanza shinikizo lake la damu, na kumwandamanisha na mtu aliyefunzwa kuitumia mashine ile, ni mambo yasiyongoja bajeti. Naziomba serikali za kaunti ziamuru kwamba gari lisitoke langoni kabla ya kutiwa sahihi karatasi yenye jina la daktari atakayempokea mgonjwa, pamoja na hesabu ya oksijeni. Hesabu yenyewe wanafunzi wangu huimaliza kwa dakika tano.